Bei ya Khiyari: Karatasi Iliyokula Nyumba ya Pangani



Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ofisini kwa mkopeshaji mmoja hapa Tanga, kalamu mkononi. Mnatujua sisi mafundi cherehani, Ramadhani ndiyo mavuno yetu. Oda za Idi zilishajaza daftari, mashine ya ovaloki imekufa, na cherehani mbili hazitoshi mafundi wanne. Nilihitaji shilingi milioni tatu. Yule bwana hakuwa na maneno mengi. Alinisogezea karatasi, nikaona kichwa chake kimeandikwa kwa herufi kubwa: MKATABA WA MAUZIANO YA NYUMBA.

Nikamwambia, "Kaka, mimi siuzi nyumba. Nakopa."

Akacheka. "Hiyo ni karatasi tu, dada. Ndani ya miezi minne ukileta pesa, tunaichana mbele yako."

Nikasoma. Nimeuza nyumba yangu ya Mabawa, ile tuliyoijenga na mume wangu tofali kwa tofali kwa miaka sita, kwa shilingi milioni nne na laki mbili. Nimepokea pesa zote taslimu. Sina madai. Nyumba ambayo hata dalali mwenye njaa hawezi kuitaja chini ya milioni thelathini! Na mahali pa mume wangu kuweka saini pameandikwa "shahidi". Habari ya kuchana karatasi haikuwemo hata kwa mstari mmoja.

Nikaomba kwenda kulala nayo. Nikapita kwa mama Ngamiani, nikamsomea. Mama hakusema kitu. Alikwenda chumbani akafungua kasha la marehemu bibi, akarudi na karatasi nyingine, ya rangi ya chai, iliyokunjwa mara nne. Nilishawahi kuiona nikiwa mdogo, nikidhani ni dua. Akasema, "Hii ndiyo ndugu ya hiyo yako."

Makala haya ni ya karatasi hizo mbili, na ya miaka mia na zaidi iliyo katikati yake. Kwa sababu nimegundua kwamba huku kwetu pwani kuuza nyumba kwa masharti ni jambo la zamani sana, lina jina lake, lina wanazuoni waliolipigania na waliolipinga, na limewatoa watu wengi kwenye nyumba zao bila wao kujua siku waliyotoka.

Karatasi ya mama imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ustadhi wa madrasa ya jirani ndiye aliyetusomea. Ni ya mwaka 1331 wa Hijria, ambao mwingi wake uliangukia 1913, wakati Pangani iko chini ya Wajerumani. Ndani yake bibi yake bibi yangu anakiri mbele ya mashahidi kwamba amemuuzia fulani nyumba yake ya Pangani, na mipaka inatajwa kama zilivyotajwa hati zote za zamani: upande wa kibla njia, mashariki nyumba ya fulani, kusini kiwanja cha fulani, magharibi kisima. Bei rupia 150. Kisha linakuja lile neno: kwa khiyari ya mwaka mmoja. Akirudisha rupia 150 kabla mwaka haujatimia, nyumba yake. Asiporudisha, mauzo yamekatika.

Na chini kabisa kuna mstari wa pili, mdogo, ambao mtu akisoma haraka haupi uzito. Muuzaji amekodi nyumba hiyohiyo kutoka kwa mnunuzi kwa rupia 3 kila mwezi.

Fikirini, dada zangu. Hakuhama. Hakubeba hata mkeka. Asubuhi aliamka kwake akiwa mwenye nyumba, jioni akalala palepale akiwa mpangaji. Rupia 3 kwa mwezi ni rupia 36 kwa mwaka, juu ya rupia 150. Ni karibu robo ya pesa aliyopewa, na ile 150 yenyewe bado inadaiwa kamili. Mtu angekuja kumwambia, "Nakukopesha 150, unilipe riba 36," angesema auzubillahi. Lakini kodi ya nyumba si riba, au sivyo?

Hiyo ndiyo iliyoitwa bei ya khiyari. Wenye kuuza moja kwa moja walisema wameuza bei ya kukata, na hao wengine wameuza kwa khiyari. Neno hilo ni lilelile tunalolitamka kila siku kwa ulimi laini: hiari. Kwa Kiarabu ni haki ya kuchagua, kuendelea na biashara au kuivunja. Na asili yake katika dini yetu ni rehema kwa mnyonge. Imepokewa kwamba zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwepo mtu aliyekuwa akipunjwa kila akiuza na kununua. Akaelekezwa aseme wazi wakati wa biashara kwamba hakuna kudanganyana, na katika baadhi ya mapokezi akapewa siku tatu za kuchagua. Kutoka hapo wanazuoni wakajenga mlango mzima wa khiyari. Kuna khiyari ya kikao, kwamba mpaka mtawanyike kila mmoja anaweza kubadili mawazo. Kuna khiyari ya kasoro, ukikuta paa linavuja nawe ulifichwa. Na kuna khiyari ya sharti, ambayo ndiyo hasa habari yetu: nanunua, lakini nipe muda nitazame.

Muda gani? Hapo ndipo madhehebu yalipoachana. Kwa Mashafi, ambao ndio wengi wa pwani yetu, mwisho ni siku tatu, na Mahanafi wa Imamu Abu Hanifa vivyo hivyo. Maliki walipima kwa kitu chenyewe, kwa kuwa nyumba haikaguliwi kwa haraka kama kanzu. Mahanbali wakasema muda wowote mtakaokubaliana. Na Maibadhi wa Omani, ambao ndio waliokuwa na dola ya Unguja na Mrima, nao waliukubali muda mrefu, na huko Omani bei ya khiyari ilikuwa ikiandikwa kwa miaka mingi.

Sasa mnaona njia ilivyofunguka. Siku tatu za kukagua paa ni kitu kimoja. Mwaka mzima wa kutafuta rupia 150 ni kitu kingine kabisa, ingawa jina ni lile moja. Mnyonge wa kwanza alipewa khiyari ili asipunjwe. Mnyonge wa Pangani alipewa khiyari ili mwenye pesa apate pa kuchukulia kodi.

Wala si Omani peke yake. Hadhramaut, nchi ya Mashafi ambako masharifu na masheikh wetu wengi wametoka, kulikuwa na bei ya uhda. Kwa kuwa siku tatu zilikuwa ukuta, huko waliandika mauzo yaliyokatika kabisa, na ahadi ya kurudisha ikakaa nje ya mkataba. Bukhara na miji ya Mahanafi walikuwa na bei ya wafa, ambayo Waosmani waliiingiza hadi katika Majalla, kitabu chao cha sheria kilichotoka kati ya 1869 na 1876. Wanazuoni waliozikubali hawakuwa watu wabaya. Walisema watu wana dhiki, riba ni haramu, na bila njia hii mwenye shida hakopesheki. Waliozikataa walisema mkopo ukivishwa buibui la mauzo bado ni mkopo, na faida yake bado ni riba. Ubishi huo umeendelea mamia ya miaka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao Jiddah lilipokaa 1992 liliamua kwamba bei ya wafa haifai, kwa kuwa uhakika wake ni mkopo unaovuta manufaa.

Mimi si mwanachuoni, ni fundi nguo. Lakini nguo naijua. Ukiigeuza ndani nje, unaona mshono ulivyopita.

Kwa nini Pangani hasa? Mji ule leo umelala, lakini miaka ya 1870 na 1880 ulikuwa na shughuli. Misafara ya pembe ilitoka pale kupandisha mto kuelekea Kilimanjaro na Umasaini, na mashamba ya miwa yalijaa kando ya mto, sukari guru ikipelekwa Unguja. Vyote hivyo vinataka mtaji kabla havijarudisha senti. Msafara unakwenda miezi, miwa inakaa shambani zaidi ya mwaka. Mtaji ulikuwa Unguja, kwa nyumba kubwa za biashara kama ya Jairam Shivji, iliyokuwa na forodha ya Sultani kwa miaka mingi, na ya Taria Topan. Pesa ilishuka ngazi kwa ngazi: kutoka Unguja kwa mwenye duka wa Pangani, kutoka kwake kwa mwenye shamba, kutoka kwake kwa mwenye kibanda. Kila ngazi ilitaka amana. Na mtu wa pwani alikuwa na amana gani? Shamba, minazi, na nyumba. Ya mawe kwa mwenye nacho, ya udongo kwa asiyenacho.

Hapa niseme jambo moja, maana nimesikia watu wakilisimulia kwa kabila. Waliokopesha kwa khiyari walikuwemo Wahindi, Waarabu na Waswahili wenyewe. Aliyenunua nyumba ya bibi yetu ana jina la Kiislamu la hapahapa. Tusimtafute mgeni wa kumsukumia.

Miaka ishirini na mitano tu kabla ya karatasi ya bibi, pwani yote iliingia katika mkataba wa masharti. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikabidhi kampuni ya Wajerumani uendeshaji wa Mrima, kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Sharti lilikuwa kwamba wataendesha kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Haikuuzwa, ilikodishwa. Mwezi Agosti kampuni ikaja kushika miji, na Pangani akaja Emil von Zelewski. Ugomvi ukaanza palepale kwenye bendera: ya Sultani ibaki, au ya kampuni ipande? Isitoshe, kampuni ikataka wenye nyumba na mashamba walete hati za kuthibitisha kuwa ni vyao. Hebu wazieni watu ambao babu zao ndio waliochimba visima vya mji, wanaambiwa walete karatasi. Pwani ikawaka moto. Abushiri bin Salim, mwenye shamba lake huko Pangani, akaongoza vita mpaka akanyongwa Pangani Desemba 15, 1889. Na mwaka 1890 yale makubaliano ya kukodi yakageuka bei ya kukata: Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4, na Mrima ukawa umekwenda. Sultani aliyetia saini ya 1888 alishafariki. Miaka 50 haikufika hata mitatu.

Huwa nawaza, kama Sultani mwenye ikulu na mizinga alishindwa kulinda sharti lake, bibi yetu mwenye rupia 150 angeweza wapi?

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ikatangaza kuwa ardhi yote ni ya dola, isipokuwa pale mtu atakapothibitisha umiliki wake. Tangu siku ile karatasi ikawa na nguvu kuliko kisima na mnazi. Hilo lilimsaidia mwenye bei ya khiyari, maana yeye ndiye aliyekuwa na karatasi. Aliyeuza alibaki na kumbukumbu tu.

Wakaja Waingereza. Mwaka 1920 waliziingiza Tanganyika sheria nyingi za India, pamoja na Sheria ya Uhamisho wa Mali ya 1882. Ajabu ni kwamba sheria hiyo ilikuwa inamjua mdudu wetu vizuri, kwa sababu India nako alikuwepo. Ilisema kwamba mtu akionekana kuuza mali kwa sharti kuwa akilipa tarehe fulani mauzo yanafutika, na asipolipa yanakatika, basi hiyo ni rehani iliyochukua sura ya mauzo. Maana yake ni kubwa. Ikiwa ni rehani, muda kupita peke yake hakumpi mkopeshaji nyumba. Aliyeweka rehani ana haki ya kulipa deni na kuikomboa, na mwenye kudai sharti apitie mahakamani. Lakini haki hiyo ilikuwa ya anayejua njia ya mahakama na mwenye nauli ya kufika.

India yenyewe ilikuja kuongeza jambo mwaka 1929 ambalo nataka mlishike: mauzo ya namna hiyo yatahesabiwa kuwa rehani pale tu ambapo sharti la kurudisha limeandikwa katika karatasi ileile ya mauzo. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wakiandika mauzo safi huku, na ahadi ya kurudisha wakaiweka kando au mdomoni, kisha kesi ikawa ndefu, huyu anasema niliahidiwa, yule anasema sikuahidi. Mnaikumbuka ile uhda ya Hadhramaut, ahadi ikae nje ya mkataba? Mnaukumbuka ule mkataba wangu wa milioni nne na laki mbili, na "tunaichana mbele yako"? Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka kikombe cha chai chini.

Kwenu visiwani mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu ya karafuu. Bei ya karafuu ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, wenye mashamba wengi wa Unguja na Pemba walikuwa wamezama katika madeni, na mashamba yenyewe ndiyo amana. Serikali ilimtuma Bartlett na Last kuchunguza, na mwaka 1934 ikasimamisha kwa muda madeni yasidaiwe, kisha ikatoa dikrii ya kuzuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isiuzwe kwa mtu asiye Mwarabu au Mwafrika bila ruhusa ya Balozi Mkaazi wa Kiingereza. Basi kila mauzo ya namna hiyo yakawa na sharti la tatu ambalo si muuzaji wala mnunuzi aliyeliweka. Nia ilisemwa kuwa ni kumlinda mwenye shamba. Mimi naona waliligeuza deni kuwa suala la rangi na kuacha mshono ule wa ndani kama ulivyo, maana Mwarabu aliweza bado kumfunga Mwarabu mwenzake, na Mshirazi nduguye. Mume wangu ni mtu wa Wete, na wazee wake wanasimulia yaleyale: shamba liliwekwa kwa msimu mmoja likaenda moja kwa moja.

Turudi kwenye siku zetu. Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kazi Mei 2001, iliiondoa ile ya India ya 1882. Inataka mkataba wa kuuza nyumba uwe wa maandishi, na rehani ina taratibu zake, ikiwemo notisi kabla ya kuuza. Mkopeshaji mdogo naye, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anatakiwa awe na leseni. Mambo mazuri hayo. Lakini ndiyo sababu wajanja wanaikimbia rehani na kurudi kwenye mauzo! Rehani ina notisi na ngazi za kupanda, mauzo yana saini tu. Hii mikopo tunayoiita kausha damu, mingine ni bei ya khiyari tupu, imebadilishwa herufi kutoka za Kiarabu kuja za Kirumi na kupigwa muhuri. Tena ni mbaya kuliko ya bibi. Bibi yetu aliandikiwa muda wake kwenye karatasi.

Halafu lile la mume wangu kuandikwa "shahidi". Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haikodishwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Shahidi anashuhudia kwamba fulani ametia saini. Hasemi kwamba ameridhia nyumba yake iende. Dada, ukiona jina lako limewekwa kwenye ushahidi katika mauzo ya nyumba unayoishi, uliza. Hiyo ni sheria ya bara. Visiwani mna zenu, na ardhi huko ina mlango mwingine: tangu Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya 1994 kuna Bodi inayopitisha uhamisho. Kwa hiyo Unguja au Pemba mtu akikuuzia leo, andikeni kwamba mauzo yanategemea kibali cha Bodi, na kisipotoka pesa inarudi.

Nisiwatishe kana kwamba sharti lenyewe ni adui. La. Ofa yenye masharti, ikiandikwa na anayeyahitaji, ni ileile khiyari ya siku tatu ya mtu aliyekuwa akipunjwa. Nina mteja wangu, mama wa Makorora, nimemshonea tangu sare za shule za watoto. Sasa ananunua nyumba ya urithi. Baba amefariki, watoto ni wanne, na mmoja wao ndiye anayeuza kwa niaba ya wote, kwa mdomo. Ameomba kishika uchumba cha milioni moja.

Jina hili nalipenda, kishika uchumba. Sisi wanawake tunajua uchumba ni nini: si ndoa, unaweza kuvunjika, na ukivunjika ndipo watu wanaanza kuulizana nani arudishe nini. Wazee wetu waliita arbuni, na hilo nalo ni neno la fiqhi. Mashafi hawakuruhusu muuzaji aile arbuni mnunuzi akijitoa, walisema ni kula mali bila badali. Mahanbali waliruhusu. Lile Baraza la Jiddah lilipokaa Brunei mwaka 1993 lilikubali, ila kwa muda uliopangwa: biashara ikitimia, arbuni ni sehemu ya bei, na mnunuzi akijitoa mwenyewe, inabaki kwa muuzaji. Sikilizeni vizuri, mnunuzi akijitoa. Ikiwa ni muuzaji ambaye hakuweza kuuza, kwa sababu ndugu zake wamekataa au mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi, mnunuzi hajajitoa popote.

Rasimu ya kwanza aliyoletewa yule mama ilisema: asipomaliza malipo ndani ya siku 30, milioni moja haidaiwi. Nikamuuliza, na wao wasipokamilisha mirathi ndani ya siku 30? Karatasi ilikuwa kimya. Sharti lilikuwa linamwangalia mtu mmoja tu, kama lile la Pangani.

Tumekaa naye dukani tukaandika upya, yeye anasema mimi naandika nyuma ya kasha la vifungo, kisha mwanangu akachapa. Ananunua ikiwa Mahakama ya Mwanzo itamteua msimamizi wa mirathi, na ikiwa warithi wote wanne watatia saini, na mke wa marehemu pia ambaye bado anakaa chumba cha mbele. Muda siku 90. Ukipita bila hayo, mkataba umekufa na milioni moja inarudi yote. Hilo la muda lina mguu hata kisheria, maana Sheria ya Mikataba ya 1961, ambayo nayo umbo lake lilitoka India, inasema mkataba unaotegemea jambo fulani litokee ndani ya muda uliowekwa, muda ukipita bila jambo kutokea, unabatilika. Tukaongeza kwamba hayo malipo mengine hayaanzi mpaka hayo matatu yametimia. Na yote yamo kwenye karatasi moja. Hapo nilimkazania kuliko pengine popote.

Kaka muuzaji hakufurahi. Alisema mama anamfanya mwizi. Mama akamjibu kwa upole kwamba hata yeye Mungu amemwambia aandike deni, basi si kwa kuwa wote ni wezi.

Nyumba ya Pangani haikurudi. Nyuma ya karatasi ya bibi kuna mistari ya kodi iliyopokelewa, mwezi baada ya mwezi, saba yote, kisha hakuna tena. Mama anasema ndiyo sababu sisi ni watu wa Ngamiani. Bibi yake bibi alikuja Tanga na watoto wawili akapanga chumba, akaanza kuuza vitumbua, na hakuwahi kurudi kutazama ule mlango. Mama alikwenda mara moja miaka ya tisini, akakuta kisima kimefukiwa na nyumba ina mwembe katikati.

Mkopeshaji wangu nilimrudishia mkataba wake mweupe. Ovaloki niliipata kwa upatu wa wanawake wenzangu wa sokoni, niliomba zamu yangu isogezwe mbele na wakakubali. Cherehani ya tatu sikuipata, nguo kumi na moja za Idi niliwarudishia wenyewe pesa zao, na wateja wawili hawajanisamehe mpaka leo.

Jumamosi hii saa nne nakwenda na yule mama ofisi ya serikali ya mtaa. Warithi watatu wamesema watakuja. Wa nne yuko Muscat, ametuma ujumbe kwa simu kwamba anakubali, nasi tumemwambia tunamsubiri atume kwa maandishi.